Kiungo Asiyecheza Jumamosi

Siwezi kutazama mpira nikiwa nimeketi. Mke wangu aliacha zamani kunikaribisha kwenye kochi siku za mechi, kwa sababu nikikaa nainuka, nikiinuka nasimama mbele ya runinga, na nikisimama mbele ya runinga tunagombana. Uwanjani ndiko nafuu. Huko naweza kuzunguka mstari mzima nikitafuna karanga na kuwasema wachezaji ambao hawanisikii. Nimezunguka hivyo viwanja vya Kisii na Nyamira tangu goti langu lilipokataa kazi, na kwa miaka kadhaa sasa kuna klabu moja ya ligi kuu inayoyategemea macho yangu. Riziki yangu ni duka la nyaya na balbu mjini Kisii. Macho ni kazi ya ziada, lakini ukinishtua usingizini ukaniuliza nafanya kazi gani, nitakutajia hiyo ya ziada.

Mwaka ule klabu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja ya kiungo, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Jumapili. Kocha alinipigia simu mwanzoni mwa juma. Ni mtu asiyesalimia.

"Yule mtoto wako wa chuo cha ualimu," akasema. "Nimchukue au nisimchukue?"

"Nipe mpaka fainali yao."

"Baada ya fainali nataka neno moja. Sitaki hadithi."

Mimi na neno moja hatujawahi kuelewana.

Kijana mwenyewe alikuwa mwaka wake wa mwisho katika chuo kilicho upande wa Kiogoro, akisomea kufundisha hesabu. Nilikuwa nimemtazama kwa majuma mengi, mazoezini na kwenye mechi za vyuo, zote za katikati ya juma. Watu hudhani kumpima mchezaji ni kuhesabu mabao. Mabao husimuliwa na kila mtu, hata na mama wa mandazi getini. Mimi hutazama shingo. Kiungo anayegeuza shingo kuangalia nyuma kabla pasi haijamfikia ameshajua atafanya nini. Asiyegeuza atajua akishapigwa buti. Kisha natazama anafanya nini akipoteza mpira: anaukimbilia, au anamwangalia refa kwa macho ya yatima? Na mwisho natazama anavyoishi na wenzake wabovu, maana kila timu ina wabovu, na kiungo ndiye anayewapelekea mpira wakauharibu.

Huyu aligeuza shingo mpaka nikadhani ana jipu. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa kusimamia tu, sitaficha. Mbio hakuwa nazo, na mabega yake yalikuwa membamba kiasi kwamba beki yeyote wa ligi kuu angemsukuma akaangukia kwa wapiga picha. Lakini ule wa kushoto! Alikuwa akipiga pasi ndefu ikashuka mbele ya winga taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni chai mezani. Na winga akiipoteza, kijana alimpigia makofi na kumpa nyingine. Nyama na pumzi huongezwa. Hayo mengine sijaona mtu akiyaongezewa. Kusema kweli nilimwonea wivu, kwa sababu mimi nilicheza namba ileile miaka yangu yote na sikuwahi kupiga pasi kama zile.

Fainali ilikuwa iwe Jumatano. Jumatano uwanja ukawa bwawa, wakaisogeza hadi Alhamisi, Alhamisi basi la wageni likaharibika njiani, ikawa Ijumaa saa tisa alasiri. Hakuna aliyelalamika. Ningalikuwa na akili zangu zote ningaliuliza swali moja tu siku hiyo, lakini nilikuwa nimejaa mpira kichwani.

Mvua ilikuja mpira ukiwa haujachezwa hata robo ya kipindi cha kwanza. Tulikimbilia chini ya paa la ukumbi wa kulia chakula, wachezaji, mashabiki na refa, tukasikiliza mabati. Mimi nilikuwa napita huku na huko kati ya watu, nakanyaga vidole, naomba radhi. Ndipo nikamwona kijana wangu akiwa amesimama peke yake ukingoni mwa baraza, matone yakimwangukia kifuani. Hakuwa akiutazama uwanja. Alikuwa akitazama magharibi, juu ya kilima, mahali ambapo jua lingekuwa kama lingeonekana. Akamwendea refa.

"Tutaanza saa ngapi, refa?"

"Mvua ikiacha."

"Na ikiacha saa kumi na moja?"

"Basi saa kumi na moja. Kwani una harusi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua kutazama kule. Nimezaliwa katika nyumba ya Kisabato upande wa Nyamira, na kila Ijumaa ya utoto wangu niliutazama ule upande wa mbingu vilevile, ndoo ya maji mkononi, viatu bado havijapigwa rangi, mama akiuliza kutoka jikoni kama jua limefika kwenye miti ya jirani. Kabla halijazama kila kitu kiwe kimepikwa, kimefuliwa, kimefagiliwa, na watu wameoga wamekaa kufungua Sabato kwa wimbo. Baada ya hapo hakuna kazi, hakuna soko, hakuna mpira, hadi jua la Jumamosi lizame nalo.

Na ligi kuu, kama kila mtu ajuavyo, huchezwa Jumamosi na Jumapili.

Majuma yote hayo nilimpima kijana miguu, shingo na mapafu, na sikumuuliza Jumamosi huwa yuko wapi. Mtu wa pwani angeweza kusamehewa. Mimi wa Nyamira, mwana wa mzee wa kanisa, nilikuwa nimepitwa na jambo ambalo mama wa mandazi alilijua. Nilipomuuliza, alinitazama kama mgonjwa. "Huyo? Huyo hata mtihani ya Sabato hafanyi. Chuo ilibidi wampangie siku ingine."

Mvua iliacha saa kumi na moja, au karibu. Mpira ukaanza tena katika matope, na kuanzia hapo nilikuwa na mechi mbili za kutazama, moja chini na moja juu. Wageni walifunga kabla ya mapumziko. Mapumziko yenyewe niliyaona marefu kupita kiasi, nikamwambia refa hivyo, naye akanishauri nikanunue filimbi yangu.

Kipindi cha pili kijana alianza kuuita kila mpira. Alisawazisha kwa mpira wa adhabu. Hapo nikamwona mama yake. Alikuwa amefika kutoka sokoni na kapu lake, amesimama karibu na kibendera cha kona katika gauni la kitenge na sweta, na alikuwa akifanya kama mimi: jicho uwanjani, jicho kilimani. Nyumba yao iko bonde la pili kutoka chuoni. Alikuja kumchukua mwanawe ili wafike nyumbani pamoja.

Kisha giza likaingia ghafla. Mawingu yalirudi juu ya kilima, mwanga ukawa wa kijivu, kuku wa nyumba ya jirani wakaanza kuelekea kwao. Kijana akasimama katikati ya uwanja. Aliutazama upande ule, akainua mkono kwa refa, akatoka. Hakukimbia wala hakuchechemea kusingizia jeraha. Alitoka tu, akavua kitambaa cha unahodha na kumfungia mwenzake mkononi.

Kelele iliyozuka siwezi kuiandika yote. "Msaliti!" "Ngojea dakika kumi, bro, Mungu hawezi mind!" Mwalimu wa michezo alikuwa amepiga magoti akimfunga mchezaji wa akiba kamba za viatu, akizivuta kwa hasira. Mimi mwenyewe nilipiga teke kopo la maji la mtu. Mle mfukoni mwangu simu ilikuwa inatetemeka, na nilijua ni nani.

Kijana alikuwa amefika kwa mama yake na kuinama kuchukua kapu, wakati wingu lilipopasuka. Jua lilitoka lote, la manjano, juu kabisa ya kilima, na uwanja mzima ukawaka matope. Halikuwa limezama. Lilikuwa limejificha tu.

Mama yake aliweka mkono juu ya nyusi, akalipima jua lile kama mtu anayepima kitambaa. Halafu akamnyang'anya mwanawe kapu na kupaza sauti, kwa Kiswahili, ili refa wa kutoka mbali amwelewe:

"Refa! Jua iko! Bado iko! Mwache arudi!"

Refa alisimama na filimbi mdomoni. Mchezaji wa akiba alikuwa bado hajaingia. Nadhani katika kazi yake yote hakuwahi kuombwa kitu cha namna ile, lakini akapunga mkono, na kijana akarudi mbio huku uwanja wote ukicheka, hata wageni. Nilicheka mpaka nikakohoa karanga. Huyo ndiye mama, nikajiambia, na nikatamani utoto wangu ungekuwa na mama kama huyo.

Zile dakika alizocheza baada ya hapo ndizo bora nilizowahi kuziona katika viwanja vyetu. Alicheza kama mtu aliyepewa chenji asiyoitarajia. Mpira mmoja aliupokea akiwa ameupa mgongo upande wa goli, shingo ikageuka, na kabla beki hajamfikia pasi ilikuwa imepita katikati ya wawili na kumkuta yule winga mbovu, ambaye kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuiharibu. Mbili kwa moja. Wenzake walimrukia, na yeye chini ya rundo lile alikuwa bado anachungulia kilima.

Jua lilipozama kweli, alitoka tena kwa namna ileile. Safari hii hakuna aliyemtukana, ila mmoja wawili. Mchezaji wa akiba aliingia. Zilikuwa zimebaki dakika chache.

Ningepaswa kubaki nitazame mwisho. Miguu ilikataa. Niliwafuata mama na mwana kwenye njia ya udongo inayoshuka bondeni kati ya migomba, nikateleza, nikajishika na mgomba, nikawafikia. Nyuma yetu kukapigwa kelele kubwa, kisha kimya, kisha kelele ndogo ndogo zinazopishana. Wageni walikuwa wamesawazisha na mambo yamefika penalti. Kijana alitembea akihesabu zile kelele, nilijua anahesabu kwa sababu mimi pia nilihesabu. Ya mwisho ilipopigwa alisimama.

"Ni sisi?" akaniuliza.

Zilikuwa sauti za upande wa basi la wageni. "Ni wao."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kutembea. Nikaanza kumweleza mimi ni nani, klabu gani imenituma, dirisha linafungwa lini. Mama yake akanikatiza, kwa upole.

"Tata," aliniita, kama wanawake wetu wanavyomwita mwanamume kwa heshima, "Sabato imeingia. Hiyo maneno ya mpira ni nzuri, lakini ni ya Jumapili. Karibu Jumapili. Kama ni chakula, karibu hata sasa."

Jumamosi ile ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Kocha alipiga nikiwa dukani nikimuuzia mtu soketi, akapiga tena nikiwa kwa kinyozi.

"Neno moja," akasema.

Lilikuwepo. Ningesema "Mchukue," nikakata simu. Mambo ya Jumamosi wangeyagundua wenyewe kijana akishatia sahihi, na pengine wakishamwona akicheza wangempangia Jumapili tu, kama chuo kilivyompangia mtihani. Nililizungusha neno hilo mdomoni mpaka kinyozi akaniambia nitulie asije akanikata sikio. Lakini nilimfikiria yule mama na mkono wake juu ya nyusi. Yeye angeweza kumwacha mwanawe aende nyumbani, hakuna ambaye angemlaumu, ila jua lilikuwepo naye akasema lipo.

"Ni bora kuliko wote niliokuletea," nikasema. "Na Jumamosi hachezi. Ni Msabato."

"Hachezi kabisa?"

"Kabisa. Lakini sikiliza, Jumapili zipo, Jumatano zipo..."

"Mpe simu niongee naye."

"Leo haongei habari za mpira."

"Haongei kwa nini?"

"Leo ni Jumamosi!"

Kinyozi alizima mashine yake. Kocha akasema maneno mengi kuliko kawaida yake: ana wachezaji wa kila dini, kila mmoja akija na siku yake atabaki na mipira na koni. Akikubali Jumamosi, nafasi ni yake. Neno lake alitaka Jumapili kabla ya adhuhuri. Zaidi ya hapo alikuwa na mwingine, kiungo wa kutoka Kakamega, ambaye hakuwa hata nusu ya huyu lakini Jumamosi yuko.

Jumapili asubuhi nilifika kwao mapema mno. Mama alikuwa anachuma majani chai, kijana anamkatia ng'ombe nyasi. Nilikataa kiti. Nikawaeleza yote nikiwa nimesimama uani, na sikupunguza kitu: mshahara kila mwezi, safari, daktari wa timu, macho ya makocha wa nje. Kisha sharti, na kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa Kisabato niliyewahi kucheza.

Kijana aliegemeza panga ukutani. "Mzee, na wewe ulikuwa unacheza Sabato?"

"Nilicheza."

"Ulikuwa unaskia aje?"

Nadhani alitaka nimwambie kwamba nilihukumiwa na moyo, au kwamba si kitu. "Nilisikia vizuri," nikasema. "Vizuri sana. Sitakudanganya. Sijawahi kusikia vizuri hivyo tena."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani mama alinipikia, akanifulia jezi, akaniombea. Kuniona nikicheza hakuwahi kuniona hata siku moja. Mechi zangu zote kubwa zilikuwa Jumamosi."

Mama yake aliacha kuchuma. Sikuona usoni mwake kama alitaka mwanawe aende au abaki. Nafikiri alitaka yote mawili.

"Basi mwambie huyo kocha asante," kijana akasema. "Jumapili nitamchezea mpaka nianguke. Jumamosi hapana."

Nilikasirika. Nilimwambia ana wazimu, kwamba mguu kama ule hautolewi kila siku, kwamba Mungu aliyempa mguu alijua ratiba ya ligi. Sauti yangu ilivuka ua. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza winga wake mbovu, kisha akaniuliza kama nitakunywa uji. Nilikunywa uji nikizunguka zizi la ng'ombe. Halafu nikampigia kocha, nikampa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, neno moja.

Yule wa Kakamega sasa namwona kwenye runinga, nikiwa nimesimama mbele ya mke wangu. Anajitahidi. Hageuzi shingo.

Kijana alimaliza chuo akapata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya Nyamira, na sikuomba iwe hivyo, lakini shule yenyewe iko mwendo mfupi kutoka kwa mama yangu. Jumapili huwa anachezea timu ya sokoni pale, kwenye uwanja ulioinama ambao kona moja ina kichuguu. Hakuna anayenituma, lakini huwa naenda. Namwambia mke wangu ninamtembelea mama, na si uongo.

Juzi mama aliniuliza kwa nini huwa nafika kwake na kuondoka kabla chai haijapoa. Nikamwambia kuna mpira. Akavaa sweta yake, akachukua fimbo, akasema twende. Amezeeka sasa, tulitembea polepole mpaka nikajisikia kupiga kelele. Watu wakampisha akapata kiti cha plastiki karibu na mstari. Kijana alipata mpira katikati, shingo ikageuka, na mguu wa kushoto ukautuma ng'ambo ya uwanja, ukashuka mbele ya mtu taratibu. Mama aliufuata kwa macho mpaka ukafika chini. Sikujua kama ameelewa alichokiona.

Aliniangalia, mimi niliyesimama kando yake kama siku zote.

"Na wewe ulikuwa unacheza hivyo?" akauliza.

Nilitaka kumwambia hapana, hata kidogo. Nikaketi chini kwenye nyasi, karibu na kiti chake.

"Karibu hivyo, mama," nikasema, naye akaniwekea mkono begani, tukatazama mpira hadi ukaisha.